Manowari ya Uvunguni

Wewe unayeishi vyumba viwili na watoto watatu utanielewa bila maelezo mengi. Kwetu hapa Kawangware 56 kila kitu huenda kwa zamu. Meza ni ya chai alfajiri, ya pasi saa kumi na mbili na nusu, ya homuweki jioni, na watoto wakishalala inakuwa yangu. Uvungu wa kitanda chetu ndio ghala: kuna gunia la mahindi kutoka kwa mama yangu Vihiga, mitungi mitatu ya maji ya akiba kwa siku ambazo mifereji imekauka, na sufuria kubwa ya sherehe ambayo mke wangu haazimi mtu. Na kwa muhula mzima, katikati ya gunia na mitungi hiyo, palilala manowari ya Kiholanzi yenye urefu wa sentimita 132.

Mambo yalianza kwa Kamishna. Huyu ni binti yetu wa kwanza, yuko gredi ya saba, na jina hilo tulimpa kwa sababu tangu chekechea hutoa amri na kudai ripoti. Jioni moja alisimama mlangoni, begi mgongoni, viatu vimejaa matope ya Naivasha Road, akatangaza: "Tumeambiwa tutengeneze mfano wa kitu cha historia ya familia. Kwa vifaa vya nyumbani. Muhula huu." Wazazi wenzangu wa mtaala wa umilisi, mnaijua baridi inayomwingia mtu akisikia maneno "vifaa vya nyumbani". Tumeshatengeneza sanamu ya kutishia ndege mahali ambapo hakuna hata kitalu cha sukuma. Tumeshakusanya mbegu, majani, vifuniko vya soda. Kazi ni ya mtoto, lakini anayekesha na gundi ni mzazi.

Upande wangu historia ni ng'ombe, majani chai na kesi moja ndefu ya mpaka wa shamba. Upande wa mke wangu ndiko kuna meli.

Mke wangu ni Mnubi, mzaliwa wa Makina, Kibera. Mimi humwita Waziri wa Fedha, kwa sababu ana cherehani, ana daftari, na hakuna shilingi inayotoka nyumbani bila kupita mbele yake. Baba wa mama yake alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza. Mwaka 1942 alipanda gari moshi la kwenda Mombasa pamoja na wenzake, na kutoka hapo akaenda Bukini, ndiyo Madagaska ya leo. Watoto wetu hawakumwona hata siku moja, lakini wanamwita Babu Bukini, na picha yake wanaijua vizuri: kijana mwembamba, kofia imeinama upande, macho hayataki mchezo. Picha hiyo iko ukutani kwa Mama Mkwe, juu ya sanduku lake la bati la jeshini.

Vita vya Bukini havizungumzwi sana, acha nikusimulie kama nilivyowasimulia watoto siku stima zilipopotea. Aprili 1942 ndege za Wajapani ziliishambulia Colombo tarehe 5, zikaipiga Trincomalee tarehe 9. Jeshi la majini la Waingereza lililokuwa Ceylon chini ya Admirali James Somerville likaona bahari ile imekuwa ya moto, likahamia Kilindini. Ndiyo, Kilindini yetu hii ya makontena. Hata wale wataalamu wa kufumbua siri za redio za Wajapani waliletwa Mombasa, wakafanyia kazi yao katika shule ya Allidina Visram. Sasa Waingereza wakawa na hofu kwamba nyambizi za Wajapani zitapewa hifadhi Bukini, kwa kuwa kisiwa kilikuwa mikononi mwa Wafaransa wa Vichy, waliokuwa wakishirikiana na Wajerumani. Wakatua Diego Suarez tarehe 5 Mei. Juni ikafika Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, vijana wa Keya kutoka Kenya, Tanganyika na Nyasaland. Septemba wakateremka Majunga, wakaanza kuifuata barabara ya Tananarive, wakiondoa mawe na magogo ambayo Wafaransa waliyarundika njiani, na tarehe 23 mji huo ukawa mikononi mwao.

Katika manowari zilizokuwa kwenye msafara wa Majunga ilikuwemo moja ambayo Babu Bukini aliitaja mpaka uzeeni: meli ya Waholanzi.

Jina lake ni Jacob van Heemskerck. Ilikuwa kruza nyepesi, yaani manowari ya wastani, ya mbio, isiyobeba chuma kizito kama zile kubwa. Iliundwa Amsterdam, ikashushwa majini Septemba 1939, na ilikuwa bado haijakamilika Wajerumani walipoivamia Uholanzi tarehe 10 Mei 1940. Siku hiyohiyo ilikabidhiwa kwa jeshi la majini kwa pupa, ikakimbilia Uingereza bila mizinga yake mikubwa. Mwezi uliofuata iliisindikiza meli nyingine ya Kiholanzi, Sumatra, iliyokuwa imempakia Binti Mfalme Juliana na mabinti zake wadogo kwenda Kanada. Nilipofika hapo Waziri wa Fedha aliinua mguu kwenye pedali ya cherehani. "Yaani ilitoka kwao haijamalizwa kujengwa, na haijui kama itarudi?" Nikamwambia ndiyo. Akanyamaza. Watu wake nao walifika Kibera kwa njia ya jeshi, kutoka Sudan, wakaitwa wageni kwa zaidi ya miaka mia. "Basi tengenezeni hiyo," akasema, akakanyaga pedali. Hivyo ndivyo bajeti ilivyopitishwa.

Mimi nina saiba ndogo karibu na steji. Kazi yangu ni kuchapa barua, kutoa kopi za vitambulisho, na kuwajazia watu ritani za kodi kabla Juni haijaisha. Kwa hiyo ramani niliitafuta mwenyewe kwenye intaneti. Waholanzi ni watu wa ajabu katika jambo hili. Wana wazee na vijana wanaotengeneza mifano ya meli kwa miaka mizima, na ramani zao zimechorwa kwa usafi ambao ungempendeza fundi yeyote: meli ikitazamwa kutoka ubavuni, kutoka juu, na kisha imekatwakatwa vipande kama mkate, kila kipande kikionyesha umbo la tumbo la meli mahali pake. Nilinunua ramani ya kipimo cha moja kwa mia. Meli yenyewe ilikuwa na urefu wa karibu mita 132 na upana wa mita 12 na kidogo. Ukigawanya kwa mia unapata kitu kirefu kuliko meza yetu, ambacho upana wake haufikii urefu wa rula ya shule.

Pesa ya ramani ilitoka kwenye pesa ya gesi. Tulipika kwa makaa wiki mbili. Sisemi zaidi.

Nilichapa ramani kwenye karatasi za A4, moja baada ya nyingine, nizibandike kwa selotepu. Karatasi chache za kwanza zilitoka sawasawa. Kisha akaja mteja na nambari yake ya siri ya kodi imepotea, nikashughulika naye saa nzima, na niliporudi sikugundua kwamba printa imerudia tabia yake ya kupunguza ukurasa ili uingie ndani ya pambizo. Karatasi zilizobaki zikatoka ndogo kidogo, kama asilimia tatu. Macho hayaoni asilimia tatu. Nilikata mataruma yote, yaani mbavu za meli, kwa plaiwudi, nikayasimamisha kwa gundi juu ya mkuku, uti wake wa mgongo, usiku sita mfululizo. (Maneno haya ya mkuku na mataruma nimefundishwa na jirani yetu Mzee wa Lamu, ambaye babu zake waliunda majahazi na ambaye hawezi kupita mlangoni petu bila kuingia kukagua.) Usiku wa saba nikapitisha kidole ubavuni kutoka omo, mbele, kwenda tezi, nyuma. Katikati kikagonga ngazi.

Waziri wa Fedha alishuka kitandani na tepu yake ya cherehani shingoni, kwa sababu hulala nayo hapo msimu wa sare za shule. Alipima mbele ya ile ngazi, akapima nyuma yake. Tofauti karibu milimita nne. "Nguo ingekuwa hivi," akaniambia polepole, "mteja angevaa bega moja." Kisha akaketi kando yangu kwenye sakafu, saa saba usiku, akanisaidia kuyang'oa mataruma ya nyuma moja moja kwa kisu cha mkate ili mkuku usivunjike. Kazi ya wiki moja iliishia kwenye jiko la makaa. Angalau ilichemsha chai.

Sasa nikutambulishe kwa wakazi wengine wa meli hii. Yuko shemeji yangu, Injinia, mdogo wa mke wangu, aliyekuja kwetu kwa wiki mbili akitafuta kazi na huu ni mwaka wa tatu. Hana cheti cha uinjinia lakini hakuna kitu chetu ambacho hajakifungua: redio, pasi, kufuli ya mlango wa nyuma. Yuko Wa Katikati, kijana wetu wa pili, mpole, ambaye kazi yake ilikuwa kushika tochi. Na yuko Tingatinga. Tingatinga ana miaka minne na husafisha njia. Ramani ilionyesha ndege ndogo ya majini, Fokker, iliyobebwa sitahani, nami niliichonga kwa mbao laini siku mbili, mabawa mawili, na vile viatu vyake vya kuelea. Ndege hiyo iliruka mara moja tu, kutoka dirishani, na Tingatinga alinieleza kwa macho makavu kabisa kwamba imekwenda kwa Babu Bukini. Jina Heemskerck lilimshinda ulimi. Kwa kuwa mizinga niliitengeneza kwa vijiti vya mishikaki ambavyo mwenye jiko la nyama pale steji alinipa kifungu, aliiita meli Mishikaki, na baada ya wiki moja sote tulikuwa tunaiita hivyo. "Tafadhali mtu asikanyage Mishikaki." "Nani ameweka chapati juu ya Mishikaki?"

Halafu akaja Jemadari.

Jemadari ni Mama Mkwe, na hatangazi kuja. Husikika kwanza getini akimuuliza keateka kwa nini ua haujafagiliwa, kisha harufu ya udi wake inafika, kisha yeye, na kikapu cha kisra na mahamri. Siku hiyo ramani mpya ilikuwa imetandazwa sakafuni, kutoka mlangoni hadi miguuni pa kabati, karatasi zote zikiwa za kipimo kimoja, nami nimepiga magoti na penseli. Alisimama nje ya kizingiti. Hakuingia.

"Hiyo ni ramani ya nini?"

"Ya meli, Mama. Ya babako."

"Ikunje."

Nilidhani ni utani. Waziri wa Fedha akanipa ishara ya jicho nikunje, nikakunja. Ndipo Mama akaingia, akavua viatu, akaketi, na ilibidi anywe kikombe kizima cha chai kabla hajasema. Ukiishi na Wanubi wa Kibera utajua kwamba ramani kwao si karatasi. Askari wa Keya walipewa pale mahali pakiwa msitu, na jina lenyewe, Kibra, kwa lugha yao maana yake ni msitu. Mwaka 1918 serikali ya mkoloni iliitangaza ardhi hiyo kuwa hifadhi ya jeshi, zaidi ya ekari 4,000. Tangu hapo kila aliyekuja na ramani chini ya kwapa, mkoloni na waliomfuata, aliondoka na kipande. Mwaka 2017 jamii yao ilipewa hati miliki, na siku hiyo Mama Mkwe alipika biriani kwa mtaa mzima na akalia kwa furaha, na furaha ilikuwa ya kweli. Hati ilikuwa ya ekari 288. "Mimi nimezaliwa ndani ya ramani inayopungua," aliniambia. "Usinitandazie nyingine mlangoni."

Nilimwomba radhi. Mimi mwenyewe ndiye ninayewachapia watu ramani za ploti kila siku, na sikuwahi kulifikiria jambo hilo hata mara moja.

Baada ya chai ya pili alikubali kuitazama meli yenyewe, ambayo wakati huo ilikuwa imeshavalishwa ngozi ya katoni na kupakwa koti la kwanza la rangi ya mafuta, kijivu, mabaki ya rangi ya geti la ploti. Niliitoa uvunguni kwa uangalifu. Niliiweka mezani, ncha mbili zikining'inia. Nilikuwa nimeridhika nayo. Mabanda matatu ya mizinga yalikuwa tayari, mawili mbele na moja nyuma, kila banda mizinga miwili, kama ramani ilivyosema. Mama Mkwe alivaa miwani. Aliinama. Akahesabu kwa kidole, midomo ikisogea, akafika sita, akarudia, akafika sita.

"Hii si meli ya baba."

"Ndiyo yenyewe, Mama. Ramani inaonyesha sita."

Hakunijibu kuhusu ramani. Aliinua mikono yake miwili mbele ya uso, viganja vikinitazama, vidole vimenyooka. "Hivi," akasema. "Baba alifanya hivi kila alipoisimulia. Tulikuwa wadogo, tunakaa mkekani. Anasema meli ya Waholanzi ilikuwa na mizinga kama vidole vya mtu mzima, imekaa miwili miwili, inatazama juu. Inatazama ndege. Kisha anakunja viwili, viwili, viwili, viwili, viwili, na kila akikunja sisi tunapiga kelele: bum!" Alikunja hivyo hivyo, jozi baada ya jozi, mpaka ngumi zote mbili zikafungwa. Tingatinga akapiga kelele tano za bum.

Usiku ule sikulala. Nilikwenda saiba, nikafungua nusu ya mlango, nikasoma mpaka adhana ya alfajiri. Na Mama Mkwe alikuwa sahihi. Ramani niliyonunua ilikuwa ya Tromp, ndugu mkubwa wa Heemskerck, aliyekamilika mwaka 1938. Tromp ndiyo yenye mizinga sita ya milimita 150 katika mabanda matatu. Ilipigana usiku mmoja wa Februari 1942 katika mlangobahari wa Badung karibu na Bali, ikapigwa sana, ikaenda Australia kutengenezwa, na majeraha hayo ndiyo yaliyoiokoa, kwa sababu usiku wa tarehe 27 kuamkia 28 mwezi huohuo wenzake De Ruyter na Java walizama katika Bahari ya Java pamoja na kamanda wao Karel Doorman. Heemskerck ilikuwa na tumbo lilelile na umbo lilelile, lakini ilitoka Amsterdam bila mizinga yake, na huko Portsmouth Waingereza wakaivalisha walichokuwa nacho: mizinga ya milimita 102 ya kupigia ndege. Jozi tano. Kumi.

Nilikaa mbele ya kompyuta na mikono yangu mwenyewe juu ya meza, nikiitazama. Mzee ambaye hakusoma darasa hata moja alisimama kwenye sitaha ya meli ya abiria, au ufukweni Majunga, sijui wapi hasa, miongoni mwa maelfu ya askari wenye njaa na kichefuchefu. Akatazama meli ya watu asiowajua, akahesabu. Miaka hamsini baadaye hesabu ilikuwa bado iko kamili vidoleni mwake, na kutoka kwake ikahamia vidole vya binti yake. Mimi nilikuwa nimeweka imani yangu kwenye karatasi za A4. Nilifunga saiba nikaenda moja kwa moja kwa mwenye jiko la nyama kuomba vijiti zaidi.

Mzinga mmoja wa aina hiyo ulikuwa na mtutu wa mita nne na nusu na ushee. Kwa kipimo chetu ni sentimita nne na nusu. Nilivikata, nikavisugua kwa msasa hadi ncha ikawa nyembamba, nikachoma tundu la mdomo kwa sindano ya moto ya Waziri wa Fedha. Kumi. Mmoja Tingatinga aliukalia, nikatengeneza wa kumi na moja.

Kisha masika yakaja kwa nguvu. Wanaoishi maeneo yetu wanajua: mitaro ikiziba, maji hayabishi hodi. Kama saa tisa usiku Wa Katikati, ambaye hulala chini, alisema kwa sauti yake ileile ya upole, "Baba, godoro linaogelea." Niliwasha tochi. Maji yalikuwa yamefika kifundo cha mguu, na kutoka gizani chini ya kitanda chetu, polepole, omo ikitangulia, Mishikaki ilikuwa inatoka. Haikusukumwa na mtu. Ilikuwa imelala ubavu kidogo kwa sababu juu kulikuwa kuzito kuliko chini, ikapita kati ya mitungi miwili, ikazunguka ndoo, ikaja mpaka kwenye miguu ya Waziri wa Fedha aliyekuwa amesimama na leso kifuani. Wote tulinyamaza, pamoja na Tingatinga. Rangi ya geti haikuwa imepitisha tone.

Mke wangu aliiinua kwanza, akaiweka juu ya kabati, kisha ndipo akaanza kulilia gunia la mahindi, na kilio kile kilikuwa na haki yake: nusu yake ililowa, na kwa siku nne paa la ploti nzima lilikuwa jeupe kwa mahindi ya mama yangu yaliyoanikwa, huku tukifukuza njiwa kwa zamu.

Asubuhi ua wa ploti ulikuwa ziwa. Injinia alikuwa amengojea siku kama hiyo maishani mwake mwote. "Inahitaji uzito chini," akasema. Mzee wa Lamu, aliyekuwa amekunja suruali hadi magotini, akasema uzito huo una jina, unaitwa farumi, na babu yake alitumia mawe. Kamishna akachukua kalamu. Uzito wa meli yenyewe kwenye ramani ni tani 3,450. Urefu tumegawa kwa mia, upana kwa mia, kina kwa mia, kwa hiyo uzito unagawanywa kwa milioni: kilo tatu na nusu hivi, meli yote. Akaipima kwenye mizani ya mama mboga. Kilo moja na nusu. Zimebaki mbili. Na kilo mbili, msomaji wangu, ni gorogoro moja.

Gorogoro moja ya mahindi yaliyolowa, yaliyofungwa ndani ya soksi mbili za Injinia, iliingia ngamani kupitia tundu la dohani. Meli ikajinyoosha. Ikakaa majini pale pale kwenye mstari mwekundu niliouchora kwa kuufuata mchoro, omo hadi tezi, bila kuinama hata unyoya. Majirani waliokuwa wakitoa maji vyumbani kwa karai walisimama roshani zote tatu na kutazama. Keateka, ambaye tangu Januari alikuwa akiniuliza habari za vumbi la msasa kwenye ngazi, alivua kofia.

Siku ya kuwasilisha mradi nilivaa shati la harusi na nikakodi mkokoteni. Kamishna alitoka chumbani na kisanduku cha viatu.

Ndani yake, juu ya pamba iliyopakwa buluu, kulikuwa na Heemskerck ya sentimita 33. Alikuwa ameigawa ramani yangu kwa nne, peke yake, chini ya blanketi, kwa maboksi ya dawa ya meno. Mizinga ilikuwa njiti za meno. Niliihesabu mara mbili: kumi. Kumbe mwalimu alisema tangu wiki ya pili kwamba kitu kisizidi upana wa dawati. Na kumbe habari ya kumi aliijua tangu likizo ya Disemba, mkekani Makina, kwa kelele zilezile za bum.

"Na kwa nini hukuniambia?"

Alinitazama kwa huruma. "Ulikuwa na ramani, Baba."

Mkokoteni ulikuwa umeshalipwa, kwa hiyo Jumapili tukaipeleka Mishikaki Kibera. Injinia alisukuma, mimi nilishika omo, Wa Katikati tezi, Tingatinga alitangulia kusafisha njia. Mama Mkwe alitungoja mlangoni na wanawake watano wa mtaa wake. Hakusema neno mpaka ilipowekwa juu ya sanduku la bati, chini ya picha. Kisha akasogea, akanyoosha mikono, na akaweka vidole vyake juu ya mitutu, kimoja kimoja, gumba na cha shahada, cha kati na cha pete, mpaka vyote kumi vikawa na mahali pa kukaa. Alikaa hivyo muda mrefu. Chai ilipoa.

Baadaye ilionekana kwamba mahali pale ni pafupi kwa sentimita ishirini. Walijadiliana, Jemadari na Waziri wa Fedha, kwa Kinubi na kwa haraka, nami sikuulizwa. Sanduku la babu halihamishwi, hilo lilikuwa wazi. Wakafungua kioo cha dirisha. Ukipita Makina siku yoyote utaiona omo imetokeza juu ya kichochoro, na mvua ikinyesha mjukuu mmoja hutumwa kuivika mfuko wa nailoni.